Kambale dume na korodani zake: mwongozo kamili kwa mtotoleshaji wa Moshi

Mkulima akinijia na malalamiko kwamba mayai yake ya kambale yamegeuka meupe yote, yaani yamekufa, huwa amejiandaa kuulizwa habari za jike: alikuwa na kilo ngapi, alichomwa sindano saa ngapi, mayai yalitoka yenyewe au kwa kulazimishwa. Mimi huanza na dume. Mama mmoja kutoka Himo nilimuuliza, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, "Mama, zile korodani zilikuwa na rangi gani?" Akafikiri kidogo. "Mwanangu, nilizikata tu nikakamulia. Kwani zina rangi?"

Zina rangi, na rangi hiyo inakueleza mengi kabla hujapoteza jike mwenye mayai laki moja. Ndiyo maana mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya dume peke yake. Nitaanza ndani, kwenye seli, kwa sababu karibu kila kosa tunalolifanya bakulini lina asili yake huko. Samaki ninayemzungumzia ni kambale wetu wa kawaida, Clarias gariepinus. Mfugaji wa perege naye atapata cha kuchukua, maana ujenzi wa mbegu ndani ya korodani ya samaki hawa wawili unafuata njia ileile.

Kilichomo ndani ya korodani

Mfungue kambale dume aliyekomaa utaona mikanda miwili mirefu imelala juu ya utumbo, mmoja kila upande, imeshikwa na utando mwembamba karibu na uti wa mgongo. Hizo ndizo korodani. Ndani yake zimegawanyika vijumba vidogo vingi, na katikati ya kila kijumba kuna uwazi ambamo mbegu zilizokamilika humwagikia na kusubiri. Vijumba vyote vinafungukia kwenye mrija unaokwenda nyuma hadi tundu la uzazi.

Kuta za vijumba ndiko kazi inakofanyika. Seli mama ya mbegu inaitwa spermatogonia. Ni kubwa, ina kiini cheupe kilichotanda, na huwa haikai peke yake: imefunikwa na seli ya Sertoli, iliyopewa jina la Mwitaliano Enrico Sertoli aliyeieleza mwaka 1865. Seli hiyo ni yaya hasa. Inaikumbatia spermatogonia moja, inailisha, na inapogawanyika inaendelea kuwakumbatia watoto wote ndani ya kifuko kimoja. Kwa hiyo kila kifuko ni kama chungu kilichotegwa peke yake jikoni: vilivyomo humo vinaiva pamoja. Kifuko kimoja kina spermatogonia tupu, jirani yake kina seli zilizo katikati ya safari, na cha tatu kimeshajaa mbegu zenye mikia na kiko karibu kupasuka.

Hesabu yake inavutia. Tuseme spermatogonia moja imegawanyika mara 8. Zinakuwa 256. Kila moja sasa inaitwa spermatosaiti, na inaingia kwenye mgawanyiko wa aina nyingine, ule unaopunguza kromosomu, vibeba urithi vya seli, kwa nusu. Kambale ana kromosomu 56. Mbegu yake itabeba 28, na yai litaleta 28 nyingine. Kila spermatosaiti inatoa seli 4 ndogo za duara ziitwazo spermatidi, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasini tuna 1,024. Zipo zinazokufa njiani, hilo ni la kawaida. Zinazobaki hazigawanyiki tena: zinakaza kiini, zinatupa mzigo wa ziada na kuota mkia. Kisha kifuko kinafunguka na mbegu zinamwagika uwazini.

Nje ya vijumba, kwenye tishu inayovishikilia, kuna seli za Leydig, alizozieleza Mjerumani Franz Leydig mwaka 1850. Kazi yake ni kutengeneza homoni za kiume. Zinapokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo tezi inasikiliza ubongo, na ubongo unasoma joto la maji, chakula na mvua. Ndiyo sababu masika yakianza mwezi wa tatu kambale wa mtoni wanahangaika kupanda kwenye majaruba yaliyofurika.

Kuna jambo moja ambalo mfugaji akilielewa atamtunza dume wake kwa moyo mwingine. Kwa binadamu na ng'ombe, seli za Sertoli huacha kuongezeka mnyama akishabalehe. Kwa samaki zinaendelea kuongezeka hata ukubwani. Dume aliyekonda kwa njaa au baridi, korodani zikasinyaa, anaweza kuzijenga upya ukimpa chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40 na maji yenye joto. Usimhukumu kwa mwezi mmoja mbaya.

Mbegu yenyewe, na kwa nini tone la maji ni adui

Mbegu ya kambale ina kichwa kidogo cha duara, shingo fupi yenye mitokondria chache za kutoa nguvu, na mkia mmoja mrefu. Tofauti na mbegu ya mnyama anayenyonyesha, haina kile kikofia cha mbele cha kutobolea ukuta wa yai. Haikihitaji. Yai la samaki lina kitundu kimoja tu, kiitwacho mikropaili, na mbegu inaingilia hapo.

Ndani ya korodani mbegu haziogelei. Zimetulia kabisa kwa sababu majimaji yanayozizunguka yana chumvi inayolingana na ya mwili. Zikiguswa na maji ya bwawa, ambayo chumvi yake ni kidogo sana, zinaamka zote kwa mara moja na kuanza kukimbia. Nguvu ya mitokondria zile chache haidumu. Kwa kambale, sekunde 30 za mwanzo ndizo zenye nguvu, na nyingi zinakuwa zimetulia kabla dakika 1 na nusu haijaisha. Haziamki tena. Na kitundu cha yai nacho, yai likishaingia majini, hufunga muda mfupi baadaye.

Utaratibu wote wa bakulini unatokana na aya hiyo moja. Mbegu na mayai vikutane vikiwa vikavu, maji yaje mwisho.

Nililipa ada ya somo hili Julai moja ya baridi. Nilikuwa nimetoka kumshika dume kwenye tangi, mikono imelowa, nikazitoa korodani na kuzikata kwenye bakuli nililolifuta juujuu tu. Jike alikuwa bado. Nikasubiri kama dakika ishirini, nikamkamua, nikachanganya, nikaongeza maji kwa uangalifu wote. Kesho yake wavu mzima wa mayai ulikuwa mweupe kama umemwagiwa wali. Mbegu zangu zilikuwa zimeshakimbia mbio zake zote bakulini peke yake, hakuna yai hata moja karibu, na mimi nimesimama pembeni naangalia saa.

Baridi ya mlimani

Huku kwetu joto la maji ndilo linaloamua kalenda. Anayetumia mfongo, mfereji wetu wa asili, ulioshuka moja kwa moja kutoka msituni, tuseme Kibosho au Marangu, ana maji safi lakini baridi. Aliye chini, Kahe au Chekereni, maji yake yameshapigwa na jua njiani. Na Juni hadi Agosti, mlima ukijifunika mawingu wiki nzima, hata sisi wa chini tunalia.

Baridi inachelewesha vyungu vile nilivyovitaja. Kwa sato, Oreochromis niloticus, aliye jamii ya perege, safari kutoka spermatosaiti hadi mbegu kamili huchukua siku 10 hadi 11 maji yakiwa nyuzi 25, na hupungua hadi karibu nusu ya hapo maji yakifika nyuzi 30. Yakipoa sana kazi inasimama njiani. Kambale naye ni samaki wa maji ya moto. Kwa hiyo ukitaka kutotolesha Septemba, usimtoe dume kwenye bwawa la baridi asubuhi na kumfungua jioni. Mhamishie kwenye tangi lenye kivuli cha nailoni, maji ya nyuzi 25 hadi 28, mlishe vizuri kwa wiki tatu au nne. Muda huo unatosha vifuko vipya kuiva.

Hatua ya 1: kumchagua dume

Mgeuze tumbo juu kwenye kitambaa kilicholowa, umfunike macho. Nyuma ya tundu la haja, dume ana kijinyama kirefu chenye ncha, kinaelekea mkiani. Jike ana tundu la mviringo, hana ncha. Chukua dume wa miezi 8 hadi 12 au zaidi, kuanzia nusu kilo, asiye na vidonda, ambaye kijinyama chake kimevimba na ncha yake ina wekundu kidogo. Tumbo la dume halikuambii kitu, usipoteze muda kulibonyeza.

Wala usijaribu kumkamua kama unavyokamua sangara au jike. Kambale dume hakamuliki. Mwisho wa korodani zake kuna vifuko vya manii vyenye umbo la vidole, na mpangilio wa mirija yake haupitishi manii kwa kubonyezwa kutoka nje. Ndiyo maana tunalazimika kumfungua. Wapo wenye ujuzi wanaomlaza usingizi, kumkata upande, kuchukua sehemu ya korodani na kumshona. Mimi simshauri mtu afanye hivyo bila kufundishwa na daktari wa mifugo; jeraha la kambale kwenye maji machafu linaoza haraka.

Andaa madume wawili hata kama unahitaji mmoja. Kwa nje hujui kilichomo.

Hatua ya 2: vifaa, vyote vikavu

Wembe mpya, mkasi, koleo ndogo, karatasi laini, mabakuli mawili ya plastiki, kipande cha gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), bomba la sindano, unyoya safi wa kuku, na chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa. Soma kibandiko vizuri, usipewe ya glukosi. Ukiikosa, pima gramu 9 za chumvi safi isiyo na madini joto, uziyeyushe kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mabakuli yafute, yaanike, kisha yafute tena. Mimi baada ya ile Julai huyaweka juani nusu saa nzima.

Hatua ya 3: kupanga saa

Muda wa jike unategemea joto. Akishachomwa sindano ya homoni, maji yakiwa nyuzi 25 atakuwa tayari baada ya saa 11 hivi. Kwa nyuzi 28, saa 8. Kwa nyuzi 21, inafika saa 18. Ukimchoma saa 1 usiku na maji yako ni nyuzi 25, mkamue saa 12 alfajiri. Yakiwa 21, usimguse kabla ya saa 7 mchana. Dume mfungue nusu saa kabla ya hapo. Ukipenda, mfungue jioni iliyotangulia: korodani nzima au manii yaliyochanganywa na dripu ya chumvi hukaa kwenye friji, nyuzi 4, hadi saa 24. Yasigande wala yasigusane na barafu.

Hatua ya 4: kumfungua

Muue haraka kwa pigo moja zito kichwani. Mkaushe mwili mzima kwa taulo, hasa tumboni, na ukaushe mikono yako. Hapa usiwe na haraka. Pasua kuanzia tundu la haja kwenda mbele hadi karibu na mapezi ya kifuani, ncha ya mkasi ikiangalia juu ili usitoboe utumbo au nyongo. Sogeza utumbo pembeni.

Sasa tazama kabla ya kukata. Korodani iliyoiva ni nene, nyeupe kama maziwa ya mgando, na ukingo wake una mikunjo midogomidogo kama shanga zilizopangwa. Iliyo changa ni nyembamba, inapitisha mwanga, ina rangi ya waridi au kijivu. Ikiwa nusu nyeupe na nusu ya waridi, una vifuko vichache vilivyoiva na vingi vibichi. Itumie tu kama dume wa pili naye amekuangusha.

Nyuma yake utakuta vile vidole vya vifuko vya manii. Wengi wanaoanza huvikata hivyo wakidhani ndiyo korodani, kwa kuwa vinajitokeza na vimejaa. Ukivikamua hutoa majimaji mepesi, yanayoteleza, yenye mbegu chache. Viache. Kata utando unaoshika korodani, zitoe zote mbili nzima, uziweke juu ya karatasi laini, ufute damu yote. Damu huganda na kushikanisha mayai. Nyama ya dume ipeleke jikoni, ni mboga.

Hatua ya 5: hadubini

Sijui kwa nini hatua hii inarukwa na watu wenye hadubini ndani ya nyumba. Shule za sekondari nyingi zinazo moja, na mwalimu wa baiolojia ukimwomba kwa heshima hatakunyima nusu saa.

Kata ncha ya korodani, bonyeza tone dogo kama kichwa cha pini kwenye kioo, changanya na tone la dripu ya chumvi. Tazama kwa lenzi ya 10 kisha ya 40. Utaona vumbi jingi limetulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: ukikuta zinakimbia tayari, kuna maji yameingia mahali. Sasa weka tone la maji ya tangi pembeni, bonyeza saa ya simu, rudisha jicho mara moja. Uwanja wote unachemka kama mbege kwenye pipa. Kadiria ni ngapi kati ya 10 zinazosonga mbele. Zinazotetemeka palepale usizihesabu. Zikifika 7 au 8, endelea kwa raha. Zikiwa chini ya 5, mfungue dume wa pili.

Angalizo moja. Chembe nyekundu za damu ya samaki zina umbo la yai na zina kiini katikati, si kama zetu. Anayeanza huziona akadhani ni mbegu zilizokufa. Kichwa cha mbegu hakifikii hata nusu ya upana wa chembe hiyo.

Ukitaka kuziona hatua zote za ujenzi, gusisha kipande kilichokatwa kwenye kioo kikavu mara mbili tatu, acha kikauke, kitie methanoli dakika 1, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Ni rangi ileile wanayotumia maabara za zahanati kutafutia malaria. Spermatogonia zitaonekana kubwa zenye kiini kipana chenye rangi hafifu. Spermatosaiti ndogo kidogo, kiini kimejaa nyuzinyuzi. Spermatidi ndogo zaidi na nyeusi. Mbegu ni nukta kali zilizosambaa kila mahali. Kioo kilichojaa seli kubwa na nukta chache kinakwambia uliwahi mno. Cha nukta tupu, bila seli changa, kimetoka kwa dume aliyefika mwisho wa msimu wake. Mara ya kwanza nilipoona vifuko vyenyewe vimejipanga, kila kimoja na rika lake, nilikaa pale hadi taa ya hadubini ikapata moto.

Hatua ya 6: kuunganisha

Kata korodani vipande vidogo kwa wembe ndani ya bakuli kavu, ongeza mililita chache za dripu ya chumvi, minya kupitia gozi. Fanyia kivulini, jua kali linaua mbegu. Mayai ya jike mmoja hayahitaji manii mengi. Korodani nzuri za dume mmoja zinatosha majike kadhaa, kwa kuwa mililita moja ya manii ina mamilioni kwa mamilioni ya mbegu.

Kamua mayai kwenye bakuli la pili, kavu. Gramu 1 ina mayai kama 600 hadi 700, kwa hiyo ukipima uzito unajua una mangapi. Mimina manii juu, geuza taratibu kwa unyoya hadi yaenee. Ndipo uongeze maji safi ya tangi, kiasi kinachokaribia ujazo wa mayai, ugeuze bila kusimama kwa sekunde 60. Mimina maji hayo, suuza mara moja, kisha tandaza mayai juu ya wavu wa chandarua uliotegwa majini, safu moja tu. Yananata, kwa hiyo usichelewe, yasije yakashikana mabonge. Bonge likioza katikati huambukiza majirani.

Kwa nyuzi 25 vifaranga huanguliwa baada ya saa 27 hivi. Kwa nyuzi 28 ni saa 22. Kwa nyuzi 21 utangoja hadi saa 46, na kuvu hupata nafasi kubwa zaidi.

Yakikataa

Mayai yote meupe na hadubini ilionyesha mbegu nzuri: tafuta kosa kwa jike au kwenye muda. Mayai yote meupe na hukutumia hadubini: hutajua, na utarudia. Mayai meupe kwa mabaka, mengine mazima: hukugeuza vizuri, au damu iliingia. Mbegu zilikuwa nzuri jioni, mbovu asubuhi: friji ilizimika, au chombo kilikuwa na unyevu. Homoni nayo inaweza kukuangusha. Niliwahi kuuziwa chupa iliyokaa dirishani miezi na jike hakutoa kitu, nikamlaumu dume bure mpaka nilipotazama tarehe.

Saa 12 baada ya kuunganisha, chota mayai 100 bila kuchagua, uhesabu yaliyo angavu na yaliyo meupe. Andika hapohapo, mikono bado imelowa. Ukurasa wangu wa juzi unasomeka hivi: dume kilo 1.2, tangi la joto wiki 4, korodani nyeupe zenye shanga, zinazosonga 8 kati ya 10, maji nyuzi 24, angavu 83. Chini yake kuna wa mwezi wa saba, dume wa umri uleule kutoka bwawa la juu: waridi upande wa nyuma, zinazosonga 4, angavu 31.